Kabla ya Kupaka Rangi Sakafu ya Banda la Gari

Kamati inayojenga banda la gari la parokia hujiuliza: je, sakafu ipakwe rangi ya epoksi? Inafaa, kwani haipenywi na oili. Lakini epoksi, ambayo ni dawa mbili zinazochanganywa muda mfupi kabla ya kupaka, hushika zege imara na kavu tu. Zege ikitoa vumbi, rangi hubanduka pamoja nalo.

Mara nyingi vumbi hilo hutokana na uhaba wa maji. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Huku Karagwe na Kyerwa, wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, maji hubebwa kutoka mabondeni, na fundi humwagilia mara moja, basi. Mwagilieni siku 7, mkifunika kwa magunia au majani ya migomba. Ndugu wafadhili, gharama ya kubeba maji iwemo kwenye bajeti kama ilivyo ya saruji.

Epoksi isubiri siku 28. Kisha bandikeni kipande cha nailoni sakafuni usiku kucha. Kikitoa jasho upande wa chini, subirini tena. Wengi wetu tutatosheka na niru, yaani uji wa saruji unaolainishwa kwa mwiko sakafu ikiwa mbichi. Nayo hudai maji yaleyale.