Je, Virusi Huleta Kisukari kwa Watoto?

Tunapoketi na kamati za afya za parokia huko Bariadi, Itilima na Maswa, wazazi wa watoto wanaochomwa insulini hutuuliza: "Aliugua homa tu, akapona, kisha ikaja sukari. Ni ile homa, au kuna mkono wa mtu?"

Mkono wa mtu haupo. Katika kisukari aina ya kwanza, kinga ya mwili hugeuka na kuharibu chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kuhusu homa, swali ni la haki kabisa. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya mvulana wa miaka 10 aliyefariki kwa kisukari cha ghafla. Katika kongosho lake walipata kirusi cha Coxsackie B4, na baadhi ya panya walioambukizwa kirusi hicho walipanda sukari. Mwaka 2019 utafiti wa TEDDY, uliofuatilia maelfu ya watoto Marekani, Finland, Ujerumani na Sweden, ulionyesha kwamba virusi vya jamii hiyo vikikaa mwilini muda mrefu huambatana na kinga kuanza kushambulia kongosho. Uhusiano wa moja kwa moja na ugonjwa wenyewe haukuonekana.

Ikumbukwe kuwa virusi hivyo huwapata watoto wengi mno, na karibu wote hupona salama. Urithi nao una sehemu yake. Tena shambulio huanza miezi au hata miaka kabla ya dalili. Homa ya juzi mara nyingi imefichua tu kilichokuwepo. Kwa hiyo mama asijilaumu, wala jirani asilaumiwe.

Linalotuumiza zaidi ni hili: mtoto anakojoa mara kwa mara, ana kiu isiyokwisha, anakonda, kisha anatapika na kuhema kwa nguvu. Anapewa dawa ya malaria, anafariki bila kupimwa sukari, kipimo cha tone moja la damu ya kidoleni!

Tunaomba kila kamati iulize zahanati yake kama vijiti vya kupimia sukari vipo, na wafadhili wetu watusaidie pale visipokuwepo. Kwa familia zisizo na friji, chungu cha udongo kinacholoweshwa maji na kuwekwa kivulini hupunguza joto, insulini isiharibike upesi. Mkiwa na mtoto wa namna hii kigangoni kwenu, mleteeni mhudumu wa afya habari mapema.