Kitambaa cha bafle: pulizia kwanza, kisha nunua

Mwezi uliopita mama mmoja mjane wa chama chetu alipoteza zamu yake ya likelemba. Tulikuwa tumetangaza kwa mikro kwamba tutakutana siku ya tatu. Yeye alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, akasikia siku ya tano. Siku ya tano akaja na kikapu chake, akakuta kufuli. Kanuni yetu wote tunaijua: asiyefika, zamu inaenda kwa anayefuata. Pesa ile alikuwa ameihesabia minerval ya mtoto wake wa sekondari.

Tukasema ni masikio yake, maana si kijana tena. Lakini wamama wengine wawili wa nyuma walisema nao walisikia tano. Ndipo kijana anayetushikia mikro akavua zile nguo tulizozivika bafle zetu mbili, akatuambia tusome tangazo tena. Kule nyuma kila neno likafika.

Nguo zile tulizishona sisi wenyewe, kwa kikwembe cha tarehe 8 Machi. Bafle zilikuwa nyeusi na zimejaa vumbi, nasi tulitaka ukumbi upendeze. Kwa kweli zilipendeza.

Kosa lilikuwa katika kitambaa. Sauti si kitu kimoja. Mlio mnene wa ngoma hutetema chini ya mara 100 kwa sekunde, na huo hupita karibu kila mahali, hata ukuta wa jirani anausikia. Lakini herufi zinazotofautisha neno na neno, kama s, t, f na sh, ni nyepesi: s hutetema mara 4,000 kwa sekunde na zaidi. Sauti hizo zinahitaji matundu madogo ya kupitia. Kikwembe cha waksi ni pamba iliyofumwa kwa kubana sana, na kikiwa kipya kina ugumu wa kiwandani. Basi ngoma inapita, s inabaki ndani. Mtu wa nyuma anasikia kelele ya kutosha, ila haelewi. Tena sisi tulikuwa tumetia kitambaa mara mbili, na bitana ndani!

Tulipoenda soko la Kadutu kutafuta kingine, hatukuuliza bei kwanza. Tulifanya hivi: shika kitambaa mbele ya mdomo, weka kiganja upande wa pili, pulizia. Ukisikia pumzi yako mkononi kama vile hakuna kitu katikati, sauti nayo itapita. Pumzi ikirudi usoni, kirudishe mezani, hata kama rangi imekuita. Kisha kiinue kwenye mwanga na utazame matundu. Wauzaji walitucheka kidogo, mmoja akauliza kama tunanunua kitambaa au tunapuliza moto wa mbabula.

Kilichoshinda ni kitambaa cha mayo ya mpira, kile chenye matundu madogo kila mahali. Kinavutika, hakikunjamani, na kwenye mitumba kinapatikana kwa bei ndogo. Gunia la juti, kama yale ya kahawa, pia linapitisha pumzi vizuri, ila lifuliwe mara mbili na kupigwa pasi, maana linatoa vumbi na nyuzi. Gunia la plastiki la mchele au unga tuliliacha: linabana, tena linachakacha. Velveti na kitambaa cha makochi, hapana kabisa. Na chandarua? Kinapita mtihani wote, lakini chandarua cha kulalia watoto ni dawa ya malaria, hakikatwi kwa ajili ya muziki. Kama kimechanika hata hakishoneki, hapo sawa.

Kushona kwenyewe si kazi kubwa. Tulitengeneza fremu nyembamba ya mbao, tukavuta kitambaa kikakaza, tukakipigilia kwa nyuma. Kisikaze vizuri, kitapigapiga kila ngoma inapolia. Kisiguse ile karatasi ya mviringo inayocheza ndani ya bafle. Safu moja tu, bila bitana. Na wamama wenye bafle inayochomekwa yenyewe kwenye umeme, tafadhali: nyuma kuna chuma kinachopata moto, msikifunike. Lile tundu la duara la kutolea hewa nalo liachwe wazi.

Wengine wameuliza juu ya kuta. Ukumbi wetu ni matofali, sementi na mabati, kila neno linarudi mara mbili. Dawa yake ni paneli: fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10 hivi, ndani imejazwa vitu vinene vyenye hewa, juu kitambaa. Sheria ya pumzi ni ileile, kwa sababu sauti isipoweza kuingia itagonga kitambaa na kurudi ukumbini, na kilichomo ndani hakitafanya kazi. Sisi tulijaza mablanketi makuukuu, tukaacha nafasi kidogo kati ya paneli na ukuta. Sponji ya godoro tuliikataa, ingawa mmoja wetu alikuwa nayo ya bure. Inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, nasi umeme ukikatika tunawasha mishumaa. Zile plato za mayai ambazo vijana wanabandika ukutani hazisaidii kitu cha maana. Ni nyepesi mno. Na paneli haizuii mvua kupiga mabati, wala haimwokoi jirani na muziki wako.

Nyumbani saloni ni ndogo, kwa hiyo mapazia mazito, mkeka na makochi vinatosha kumeza mwangwi. Shida ya nyumbani ni kitambaa kile kizuri kilichotariziwa ambacho tunakitandika juu ya televizyo na bafle, kikaning'inia hadi mbele. Bibi akisema hasikii habari, tunaongeza sauti, na mtoto aliyeketi chini mbele ya bafle ndiye anayeumia masikio. Inua kitambaa kwanza, kabla ya kugusa kitufe cha sauti.

Yule mama alipewa fungu lake wiki iliyofuata, baada ya wote kukubali, lakini mtoto alikuwa amekwisha kukaa nyumbani siku nne. Siku hizi kabla ya kikao mmoja wetu anasimama mlangoni, amefumba macho, mwingine anasoma kwenye mikro: tatu, tano, sita, saba, saa, taa. Akikosea moja, tunatazama bafle kabla ya kuanza.

Vikwembe vya 8 Machi tumevifumua, vimekuwa mito ya viti vya mbele. Kitambaa cha mayo kimebaki kama yadi 2, kiko kwenye sanduku la chama. Mwenye bafle nyumbani aje na vipimo vyake siku ya posho.