KUSHUKA NDIYO NGOMA

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sisi tunaokaa Sachangwan twaujua ukweli huo kila tunapoona lori lenye mzigo likiteremka kuelekea Salgaa, breki zikitoa moshi. Lakini yuko mwingine ambaye kushuka kwake ni kugumu zaidi: rubani wa glaida, yaani ndege isiyo na injini. Hapa Kenya ndege hizo zimerushwa Mweiga, karibu na Nyeri.

Glaida huvutwa juu kwa kamba, kisha huachiliwa. Ikishakaribia kutua, haiwezi kupaa tena ijaribu upya kama ndege ya abiria. Kwa hivyo rubani hujipanga mapema. Hupita kando ya uwanja akiwa bado juu, hukata kona mbili, kisha huelekea uwanjani akikabili upepo. Huchagua alama moja chini na kuikazia macho. Alama ikipanda kiooni, atatua kabla ya kufika; ikishuka, ataipita; ikitulia palepale, yuko sawa. Mabawani mna vibao vinavyoinuka, yaani breki za hewa. Akiwa juu mno huzifungua zaidi; akiwa chini mno huzifunga.

Mbona basi watu hufa? Mara nyingi ni woga. Rubani aliyechelewa huona miti inamjia, naye huvuta usukani ili ainue pua. Wapi! Mwendo hupungua, mabawa hushindwa kubeba, na kama bado anakata kona, bawa moja huanguka na ndege kuzunguka kama pia. Akiwa chini hivyo, hana nafasi ya kujiokoa. Dawa yake ni kinyume cha anachotaka moyo: funga breki, usiinue pua, linda mwendo.

Huku kwetu juu hewa nayo ni nyepesi. Katika kimo cha Nakuru, kama mita 1,850, ndege hukimbia karibu asilimia 10 zaidi ya kipimo kinavyoonyesha, hivyo huhitaji uwanja mrefu.

Wenzangu, dereva anayetoa gia mteremkoni ili aokoe mafuta amejigeuza rubani wa glaida, tena asiye na breki za hewa. Injini haimzuii tena, na breki zikishika moto amekwisha. Mwendo wa kushuka huchaguliwa ukiwa bado juu.