Ngozi iliyohamishwa: kabla ya kununua vidonge, linda damu

Juni na Julai, baridi ya Lushoto huwasogeza watoto karibu na moto. Uji ukimwagika au nguo ikishika moto, mtoto huungua. Kidonda kikubwa kikipona, kovu linaweza kuvuta vidole, kiwiko au shingo visinyooke. Daktari wa upasuaji huweza kulikata kovu hilo na kuziba pengo kwa kipande cha ngozi ya jirani, kikiwa bado kimeshikamana na mishipa yake ya damu.

Kipande hicho huishi kwa damu hiyo. Ikipungua, ncha iliyo mbali na shina ndiyo hufa kwanza. Na damu ikirudi baada ya kukatika, oksijeni inayokuja nayo huzalisha kemikali kali zinazoumiza seli. Ndiyo maana watafiti wamejaribu dawa za kuzizima kemikali hizo, yaani antioksidanti, kama vitamini C, vitamini E na asetilisisteini, ambayo hospitalini hutibu waliozidisha parasetamoli.

Je, mzazi anunue? Hapana, asijiamulie. Majaribio mengi yamefanywa kwa panya, na kwa binadamu ushahidi haujatosha kuzifanya tiba ya kawaida. Vitamini E kwa dozi kubwa inaweza hata kuongeza kuvuja damu. Mweleze daktari kila kidonge na dawa ya mitishamba anayotumia mgonjwa.

Yanayosaidia ni haya. Mgonjwa asikilalie kipande hicho, na bandeji isibane. Mfunike apate joto, kwani baridi hubana mishipa. Lakini usiweke chupa ya maji ya moto juu yake, maana ngozi hiyo huwa na ganzi na itaungua bila yeye kuhisi. Asivute sigara, wala asivutiwe karibu. Ale maharage, mayai, maziwa, hoho, mapera na machungwa.

Kipande kikiwa baridi na kimepauka, huenda damu haiingii. Kikivimba na kuwa cha zambarau au cheusi kuliko awali, huenda damu haitoki. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, hivyo linganisha na picha ya siku ya kwanza. Ukiona dalili hizo usingoje asubuhi, kwani saa chache huamua. Kama unaishi mbali, Mtae au Mlalo, kabla ya kuruhusiwa muulize daktari: usiku nimpigie nani, na niende wapi?