POLEPOLE NDIO MWENDO, HATA KWA MODEMU

Tangu zamani Ujiji ni mji uliozoea kungoja barua. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone mjini hapo, alimkabidhi mfuko wa barua uliokuwa umeondoka Unguja mwaka mmoja nyuma, ukakwama Unyanyembe. Mwanzoni mwa karne ya 20, waya wa simu ya maandishi uliokusudiwa kuunganisha kusini mwa Afrika na Cairo ulifika Ujiji, ukaishia hapo hapo. Reli kutoka Dar es Salaam, ya kilomita zipatazo 1,250, ilifika Kigoma mwaka 1914.

Kwa hiyo, wakati kompyuta zilipoanza kupelekeana barua kwa waya wa simu nchini mwetu katika miaka ya 1990, wakazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika walikumbana na jambo wanalolijua: njia ni ndefu, na ujumbe huweza kukwama katikati. Chombo kilichokabidhiwa kazi hiyo ni modemu. Ingawa mtindo ule wa kupiga simu kwa kompyuta umepitwa na wakati, mafunzo yake yangali yanatufaa majumbani.

MKALIMANI WA MITAMBO

Ndugu msomaji, kompyuta haijui lugha nyingine ila namba mbili, sifuri na moja. Waya wa simu, kwa upande wake, ulitengenezwa ubebe sauti ya binadamu, yaani mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde. Modemu ni mkalimani baina ya wawili hawa. Huzigeuza namba kuwa milio, na modemu ya upande wa pili huirudisha milio hiyo kuwa namba. Zile kelele zilizosikika mwanzoni mwa kila simu zilikuwa maamkizi: mitambo miwili ikijuliana hali, ikiupima waya, na kukubaliana kasi ya mazungumzo.

Kasi ya juu kabisa iliyowekwa mwaka 1998 ilikuwa biti 56,000 kwa sekunde, lakini hiyo ilihitaji waya safi. Pamoja na kasi, pande zote mbili zilipaswa kuafikiana mpangilio wa herufi. Uliozoeleka ni biti 8 za habari, bila biti ya ukaguzi, na biti 1 ya kufungia. Upande mmoja ukikosea, kioo kilijaa herufi zisizosomeka.

UGONJWA NA DAWA YAKE

Fundi mwenye busara hakuanza kwa kuifungua kompyuta, bali alianza na waya. Modemu ikilalamika kwamba haisikii mlio wa laini, alichomeka simu ya kawaida katika tundu lile lile la ukutani na kusikiliza. Kukiwa kimya, ugonjwa u katika laini. Mlio ukisikika, basi huenda modemu haikuutambua kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya mlio wa nchi nyingine. Dawa yake ilikuwa amri fupi, ATX3, yenye maana ya "piga bila kungojea mlio". Kwa vituo vya simu vya zamani vilivyohesabu mikatiko badala ya milio, ATDT ilibadilishwa kuwa ATDP. Na ofisini, penye kupiga 9 kwanza ili kutoka nje, koma moja baada ya 9 iliifanya modemu itulie sekunde mbili hivi.

Ugonjwa wa pili ni simu kukatika katikati ya kazi. Sababu zilikuwa nyingi: maji ya mvua kwenye maungio ya waya, au mtoto kunyanyua simu ya chumba cha pili. Hapo ndipo wengi walipoteza fedha, kwa sababu waling'ang'ania kasi kubwa. Tupige hesabu. Barua ya ukurasa mmoja ina herufi zipatazo 2,000, yaani biti 16,000. Kwa kasi ndogo ya 9,600 hupita kwa sekunde mbili tu! Aliyeiamuru modemu yake ipunguze kasi alifika mara moja. Aliyetaka 33,600 juu ya waya mbovu alikatika mara tatu, na kila mara alilipia simu upya. Ikiwa mtoa huduma wake alikuwa Dar es Salaam, malipo yalikuwa ya simu ya mbali.

Adui wa tatu ni radi. Swichi ya umeme haitoshi, kwani radi hupita pia katika waya wa simu. Mawingu yakikusanyika juu ya ziwa, waya wote huchomolewa ukutani.

MODEMU YA LEO

Siku hizi modemu ni kijiti kidogo chenye kadi ya simu. Hata hivyo, vijiti vingi hivyo vingali "vinapiga simu", na namba yao ni *99#. Vikigoma, hakiki mambo manne. Kwanza, kadi ina salio na haijafungwa? Pili, jina la lango la mtandao, ambalo mafundi huliita APN, limeandikwa bila kosa hata la herufi moja? Tatu, ikiwa mawimbi ya 4G yanakatikakatika kwa sababu ya milima, iamuru modemu ishike 3G peke yake. Nne, kwa wanaoishi karibu na mipaka, chagua mtandao wako kwa mkono, kwa maana chombo huweza kushika mnara wa nchi jirani na kukutoza gharama za ugenini.

Haya si mambo ya mchezo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hupokea maombi kwa njia ya mtandao, na maombi hayo yana siku ya mwisho. Mzazi wa Mwanga au Ujiji amemsomesha mwanawe kwa jasho la dagaa na mawese. Isiwe mlango ukafungwa kwa sababu ya mpangilio mmoja wa modemu.

Basi, akina baba na akina mama, waambieni vijana watayarishe majibu na vielelezo vyote kabla ya kuunganisha, wajaribu mtambo wiki mbili kabla, na wahifadhi kazi kila hatua. Polepole ndio mwendo.