KIPYA KINYEMI: NI NANI HASA ANUNUAYE GARI JIPYA?

Msomaji, likizo ijayo ukiwapeleka watoto nyumbani Migori au Homa Bay, wape kazi ndogo mkifika steji. Wahesabu magari yaliyopo, kisha wakueleze ni mangapi yaliyonunuliwa yakiwa mapya kabisa, yaani hayajawahi kumilikiwa na mtu mwingine.

Wataona taabu kuyapata. Probox zinazogombania abiria wa Rongo, Kisii na Isebania zilitumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa. Matatu nyingi za Mbita na Kendu Bay ni vivyo hivyo. Hata gari la jirani ambalo kijiji kizima kinaliita jipya limepewa sifa hiyo na herufi za nambari yake tu. Kwetu Kenya umri wa gari huhesabiwa tangu siku lilipopata nambari, wala si tangu lilipotoka kiwandani. Sheria huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini mradi halijapita miaka 8. Kwa hiyo "jipya" la jirani laweza kuwa rika moja na mwanawe wa darasa la pili.

Soko dogo, vita vikubwa

Mambo hayakuwa hivi daima. Katika miaka ya 1970 nchi ilijipatia viwanda vya kuunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi. Ndiyo sababu wazee wa Nyanza Kusini hawajasahau Peugeot 504, ambazo walibanana ndani yake kwenda sokoni. Ziliunganishwa papa hapa nchini. Mwaka 1993 vikwazo vya kuagiza bidhaa na vya fedha za kigeni vilipolegezwa, magari ya mitumba yakamiminika. Siku hizi, katika kila magari 10 yanayosajiliwa kwa mara ya kwanza, yapata 8 yamekwisha kutumika ng'ambo.

Wauzaji wa magari mapya wanagombania kilichosalia. Mwaka 2015 waliuza zaidi ya magari 19,000. Miaka miwili baadaye mauzo yalishuka hadi karibu 11,000. Kulitokea nini? Ushuru ulibadilishwa, benki zikabana mikopo baada ya sheria ya kudhibiti riba ya mwaka 2016, na uchaguzi wa 2017 ukawafanya wafanyabiashara wasubiri. Sheria hiyo ya riba iliondolewa mwaka 2019, lakini mwaka 2023 na 2024 mauzo yalikuwa yale yale ya karibu 11,000. Afrika Kusini huuza zaidi ya magari mapya 500,000 kwa mwaka.

Katika vita hivyo Isuzu ndiyo inayoongoza, ikiuza zaidi ya magari 2 katika kila 5. Kampuni hiyo ndiyo iliyoitwa General Motors hadi mwaka 2017. Toyota inaifuata. Wengine wamechoka njiani: CMC, jina lililojulikana nchini kwa zaidi ya miaka 70, ilitangaza Januari 2025 kwamba inafunga biashara yake Kenya.

Wanunuzi ni akina nani?

Isuzu haishindi kwa kuuza gari la baba, mama na watoto. Inauza malori, pikapu na mabasi. Tazama lori la miwa linaloingia kiwanda cha Sony pale Awendo, au lile linalopakia samaki na barafu Homa Bay ili lifike Nairobi kabla hawajaoza. Tazama basi la usiku unalopanda kwenda nyumbani. Mwenye magari hayo huhesabu kila siku ambayo gari limelala gereji kuwa hasara. Anataka gari lenye dhamana ya kiwanda, na spea zinazopatikana upesi. Mnunuzi mwingine mkubwa ni serikali, na tangu 2013 serikali za kaunti pia.

Familia ya kawaida haimo katika orodha hiyo. Gari linaloletwa likiwa zima hulipiwa ushuru wa forodha, uliopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya hayo yote. Mwalimu mwenye mshahara wa mwezi atatoa wapi?

Kilicho kipya ni pikipiki

Hata hivyo, msomaji, kipo chombo kimoja ambacho familia za Migori na Homa Bay hununua kikiwa kipya. Ni pikipiki. Mwishoni mwa miaka ya 2000 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na vijana wakaacha baiskeli za boda. Mwaka 2021 pekee, zaidi ya pikipiki 200,000 zilisajiliwa nchini. Hilo ndilo soko la kweli la vyombo vipya, na Boxer, TVS na Honda zinashindana humo vikali.

Hapa ndipo simu inapokujia wewe wa mjini: "Kaka, tuma kidogo nilipie pikipiki, nyingine nitamalizia polepole." Kabla ya kutuma, keti na kalamu. Chukua mfano: pikipiki ya Sh180,000 inatolewa kwa malipo ya kwanza ya Sh30,000, halafu Sh400 kila siku kwa siku 540. Jumla ni Sh246,000. Kijana amelipa Sh66,000 zaidi, na mvua ikinyesha wiki nzima au akiugua, deni halingoji.

Basi uliza mambo manne. Jumla ya malipo ni kiasi gani? Hati ya umiliki itaandikwa jina la nani? Akikosa siku kadhaa atanyang'anywa? Na dhamana ni nini? Ikiwa ni shamba lenye nyumba ya familia, jueni kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haimruhusu mume kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Mama asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Pikipiki mpya imesomesha watoto wengi kule nyumbani. Lakini pikipiki huchakaa baada ya miaka michache, na shamba likiuzwa halirudi.