Kidole Juu ya Faili

Mwala ina herufi tano, Kathiani nane. Tofauti hiyo inatosha kumpotezea mkulima kreti 12 za maembe.

Tuseme faili ya wakulima ina mstari huu: Mwala,12. Mkulima amehamia Kathiani. Mwanafunzi anafungua faili, anasogea hadi penye M, anaandika jina jipya. Kompyuta hailalamiki hata kidogo. Ila ukisoma tena, mkato haupo, na 12 haipo: Kathiani imeyafunika yote.

Faili si foleni ya matatu, kwamba mtu akijipenyeza wengine watasukumwa nyuma. Ni safu ya baiti, na juu yake kuna kidole kimoja. Ukisoma, kidole kinasonga mbele. Ukiandika, kinasonga vilevile huku kikifuta kilichokuwapo. Katika C, fseek hukihamisha na ftell hukuambia kilipo. Katika Python ni seek na tell. Hesabu huanzia 0. Ukifungua kwa "a", kila unachoandika huenda mwishoni, hata ukihamisha kidole mara ngapi. Ukifungua kwa "w", umeshafuta kila kitu kabla hujaandika chochote. Hiyo wengi wetu tumejifunza kwa machozi.

Dawa ya zamani ingali nzuri: mpe kila mkulima baiti 64, na zinazobaki zijaze nafasi tupu. Wa 41 ametanguliwa na 40, kwa hiyo anaanzia 2560. Unaruka moja kwa moja hadi kwake bila kuwasoma wenzake.

Ila huku Ukambani kuna mtego. Andika neno mũndũ: herufi tano, lakini kwa UTF-8 ni baiti saba, maana kila ũ inachukua mbili. Kidole huhesabu baiti, hakijui herufi. Ukikipeleka namba 2, umekitua katikati ya ũ ya kwanza, na Python itagoma kuisoma nusu hiyo. Vivyo hivyo, jina ulilolipima kwa herufi linaweza kuvuka mpaka na kumwingilia jirani.

Ndiyo maana mimi hufungua kwa "r+b", nikaligeuza jina kuwa baiti kwanza, nikazihesabu, ndipo nikaandika. Na katika C, nikitoka kusoma kwenda kuandika, huita fseek katikati, hata kama kidole kiko pale pale ninapokitaka.